Mimba isiyokua na isiyoonekana ilipo: kusubiri, kusafishwa kizazi au kuchomwa methotreksati?

Kuna hali moja ya mwanzo wa ujauzito ambayo humwacha mwanamke, na mumewe pamoja naye, na majibu yasiyoshikana. Kipimo cha mkojo kinasema mimba ipo. Damu inatoka matone matone. Altrasaundi haioni kitu ndani ya kizazi wala kwenye mirija ya uzazi, na kipimo cha damu kilichorudiwa baada ya siku mbili kinaonesha kwamba homoni ya ujauzito haipandi inavyopasa, wala haishuki ikaisha. Hii ndiyo mimba ambayo madaktari husema mahali pake hapajulikani: huenda imo ndani ya kizazi lakini imeharibika, huenda imetunga kwenye mrija, na kwa siku hizo hakuna mashine inayoweza kuamua baina ya mawili hayo.

Ikishathibitika kwamba mimba hiyo haiwezi kukua, njia zilizo mbele ya daktari ni tatu: kuiacha ijimalize yenyewe huku ikifuatiliwa, kusafisha kizazi, au kuchoma sindano ya methotreksati, dawa inayozuia tishu ya mimba isiendelee kukua. Makala haya yanazilinganisha kwa ajili ya msomaji wa Unguja au Pemba ambaye ameelezwa zote tatu, akaambiwa achague, na akatoka chumba cha daktari bado hajui ashike ipi. Hayamhusu mwanamke mwenye maumivu makali, aliyezimia au anayetoka damu nyingi. Huyo hana cha kulinganisha, anatakiwa awe hospitali sasa hivi.

Kwanza iwe imethibitika kwamba haikui

Kabla ya kuchagua chochote, ni lazima ijulikane kwamba hii si mimba changa tu ambayo haijafikia umri wa kuonekana. Altrasaundi inayopitishwa juu ya tumbo huchelewa kuiona mimba kuliko ile inayoingizwa ukeni, ambayo kwa kawaida huanza kuonesha kifuko cha mimba kwenye wiki ya tano hivi, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Wapo wanaokikataa kipimo hicho cha pili kwa kuona haya. Kuomba kupimwa na mtaalamu wa kike si usumbufu kwa mtu, na kwa mwanamke asiye na maumivu ni bora kuuliza zamu ya mtaalamu huyo kuliko kuondoka na jibu la nusu.

Kwenye damu hupimwa homoni ambayo karatasi ya maabara huiandika hCG. Namba moja peke yake haisemi kama mimba ina uhai, wala haisemi iko wapi. Kinachosomwa ni mwendo wake. Kwa mujibu wa miongozo ya jumuiya ya madaktari wa uzazi ya Marekani, ACOG, mimba yenye uhai iliyopatikana na kiwango cha chini ya 1,500 inatarajiwa kupanda kwa angalau asilimia 49 ndani ya saa 48. Kwa hiyo mwanamke aliyeanza na 800 anatarajiwa kufika karibu 1,190 au zaidi. Akipata 870, mimba hiyo inatiliwa shaka kubwa. Akipata 1,150, daktari mwangalifu atamwambia arudi apimwe tena, kwa sababu mpaka uliowekwa na wataalamu si ukuta. Miongozo hiyo hiyo inatahadharisha kwamba, ikiwa daktari anataka kutumia kiwango cha homoni kusema «kwa namba hii tungeshaiona mimba ndani ya kizazi», basi na aweke mpaka wake juu, hata kufikia 3,500, ili mimba yenye uhai, hasa ya mapacha, isije ikahukumiwa mapema.

Vipimo vyote vifanywe maabara moja. Mashine za maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ya mtu mmoja, na mwanamke aliyepima Chake Chake siku ya kwanza kisha akapima mjini Unguja siku ya tatu anaweza kuoneshwa kupanda au kushuka ambako hakukutokea.

Hapa ndipo pia pa kulijibu swali ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: je, huku si kutoa mimba? Daktari akishajiridhisha kwa vipimo vilivyorudiwa kwamba mimba haikui, hakuna njia kati ya hizi tatu inayoondoa uhai wa mtoto ambaye angezaliwa. Anayetaka utulivu wa moyo kwa upande wa dini amchukulie sheikh wake maelezo kamili ya daktari, akieleza namba na altrasaundi, kwa kuwa fatwa ya maelezo nusu nayo huwa nusu. Na ikiwa mwenyewe hajaridhika na uthibitisho aliopewa, ana haki ya kuomba kipimo kimoja zaidi baada ya saa 48 nyingine, maadamu hana maumivu.

Vigezo

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano. La kwanza ni hatari ya mrija kupasuka iwapo mimba imetunga nje ya kizazi. La pili ni uhakika: je, mwishoni mwanamke atajua mimba ilikuwa wapi? La tatu ni muda mpaka homoni iishe kabisa kwenye damu. La nne ni athari kwa mwili, kunyonyesha na kubeba mimba nyingine. La tano ni safari, yaani mara ngapi mwanamke atarudi kupimwa na inamchukua muda gani kufika penye chumba cha upasuaji. Vitabu hulitaja hili la tano mwishoni, kama kwamba kila mgonjwa anakaa ng'ambo ya barabara ya hospitali. Mimi, kwa visiwa vyetu, ningelianzia hilo.

Kusubiri kwa uangalizi

Kusubiri hapa maana yake ni kurudi kupima damu, mwanzoni kila baada ya siku mbili au zaidi kidogo, kisha kila wiki, mpaka homoni ifike kiwango cha asiye na mimba. Hakuna dawa wala kifaa. Mimba nyingi za aina hii hujimaliza zenyewe, na kadiri homoni ilivyo chini ndivyo matumaini yanavyokuwa makubwa: ACOG inaeleza kwamba kiwango kikianza chini ya 200, takriban wanawake 88 kwa 100 humaliza bila tiba.

Hatari yake ni kwamba, ikiwa mimba imo kwenye mrija, mrija unaweza kupasuka wakati wa kusubiri, na hilo huweza kutokea hata homoni ikiwa ndogo au imeanza kushuka. Ndiyo sababu namba nzuri haimruhusu mtu kuacha kurudi. Uhakika ni mdogo: homoni ikiisha, mara nyingi mwanamke hatajua kamwe mimba ilikuwa wapi, na wapo wanaolibeba swali hilo kwa miaka. Muda nao ni wiki kadhaa, hauna ahadi. Kwa mwili, hata hivyo, ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Anayenyonyesha anaendelea kunyonyesha, na akitaka kubeba mimba nyingine hakuna dawa ya kusubiri itoke mwilini.

Kwenye safari ndipo njia hii inapopoteza sifa yake ya urahisi. Mwanamke wa Kojani hufika Pemba kuu kwa chombo kabla hajatafuta gari ya kumpeleka Wete au Chake Chake. Wa Tumbatu huvuka kwanza hadi Mkokotoni. Mchana, bahari ikiwa shwari, hilo si jambo. Usiku wa manane wakati wa kusi, ni jambo jingine kabisa. Kusubiri kunamfaa mwenye homoni ndogo inayoshuka, asiye na maumivu, mwenye simu na nauli, na mwenye mtu ndani ya nyumba anayejua kinachoendelea. Huyo mtu wa mwisho ana maana kubwa. Katika nyumba zetu maumivu ya chini ya tumbo ya mwanamke yana jina lake tayari, na mama mkwe mwenye mapenzi mema anaweza kumkandia tumbo mkamwana wake na kumwambia, «Hilo chango tu, mwanangu, litapoa», huku damu inavujia ndani. Bibi huyo akielezwa mapema, kwa heshima, kwamba safari hii maumivu yakija hayakandwi wala hayanyweshewi dawa ya mizizi, atakuwa wa kwanza kutafuta gari.

Kusafishwa kizazi

Siku hizi kazi hii hufanywa zaidi kwa pampu ya mkono inayovuta kilichomo, badala ya ule ukwanguaji wa zamani. Huchukua dakika chache, kwa ganzi au dawa ya usingizi mwepesi, na mara nyingi mwanamke hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Katika hali hii usafishaji ni tiba na ni uchunguzi kwa wakati mmoja. Kilichotoka hupelekwa maabara kutazamwa kama kina vinyweleo vya kondo la nyuma. Vikionekana, mimba ilikuwa ndani ya kizazi na kazi imekwisha. Visipoonekana, homoni hupimwa tena baada ya saa 12 hadi 24: ikiwa imeshuka kwa asilimia 50 au zaidi, yaelekea mimba ilikuwa ndani, ikiwa imeshuka chini ya hapo, daktari huamua kwa kutazama hali ya mgonjwa mwenyewe, na ikiwa imesimama au imepanda, mimba huenda imo kwenye mrija na mwanamke anahitaji methotreksati.

Kwa hiyo kwa upande wa uhakika hii ndiyo njia inayojibu zaidi na mapema zaidi, na mwanamke ambaye mimba yake ilikuwa ndani anaepushwa sindano asiyoihitaji. Lakini kwa yule ambaye mimba yake imo nje, kusafishwa hakutibu kitu. Hatari za kazi yenyewe ni maambukizi, damu, kutobolewa kizazi, na makovu ya ndani. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea. Kunyonyesha kunaendelea, na hakuna dawa inayomlazimu mtu kuahirisha mimba kwa miezi.

Jambo la kuuliza kabla ya kukubali ni hili: matokeo ya kilichotoka yatatazamwa wapi, na yatarudi lini? Usafishaji ambao kilichotoka hakichunguzwi, wala homoni hairudiwi siku inayofuata, umemletea mwanamke usumbufu wote bila kumpa faida yake kuu. Kwa anayetoka mbali, ni afadhali alale karibu na hospitali usiku mmoja apime asubuhi, kuliko kurudi nyumbani na kupanga kuja tena «wiki ijayo».

Sindano ya methotreksati

Methotreksati huzuia seli zinazogawanyika kwa kasi zisitumie foliki, na tishu ya mimba ni mojawapo. Ndiyo dawa ile ile inayotumika kwa baadhi ya saratani na kwa baridi yabisi, jambo ambalo huwashtua watu wakilisoma kwenye karatasi ya dawa. Kiasi cha hapa ni kidogo kuliko cha saratani. Huchomwa kwenye msuli, miligramu 50 kwa kila mita ya mraba ya ukubwa wa mwili, mara moja au mara mbili, ambapo ya pili huwa siku ya nne. Homoni hupimwa siku ya nne na ya saba, na baina ya siku hizo inatarajiwa kushuka kwa angalau asilimia 15. Namba ya siku ya nne inaweza kuwa juu kuliko ya siku ya kwanza. Hilo ni la kawaida na halimaanishi dawa imeshindwa.

Ubora wake ni kwamba inatibu mimba popote ilipo, ndani au nje, bila chumba cha upasuaji. Udhaifu wake unatokana na hapo hapo: kwa kuwa inatibu bila kuuliza, haitoi jibu, na sehemu ya wanaochomwa hawakuwa na mimba ya nje kabisa. Haiondoi hatari ya kupasuka mrija katika siku za mwanzo. Na ina mtego wake: kati ya siku ya tatu na ya saba wengi hupata maumivu ya tumbo yanayotokana na dawa kufanya kazi, na si rahisi kwa mtu aliye nyumbani kuyatofautisha na ya mrija unaopasuka. Kanuni salama ni kutojaribu kuyatofautisha mwenyewe, bali kwenda kuonwa. Homoni huisha mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne, ingawa huweza kufika nane.

Masharti yake ni mengi kuliko ya njia nyingine. Kabla ya sindano hupimwa wingi wa damu, ini na figo. Haichomwi anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa ini au figo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyomsumbua, mwenye ugonjwa wa mapafu kama kifua kikuu ambao bado unamshika, wala mwenye upungufu mkubwa wa damu. Baada ya sindano, vidonge vya foliki vilivyotolewa kliniki vinaachwa, kwa sababu vinapambana na dawa. Madaktari huomba pia vyakula vyenye foliki nyingi, kama choroko na mboga za majani, vipunguzwe kwa muda huo. Kwa maumivu itumike parasetamo, si aibuprofeni wala diklofenaki. Muuza duka la dawa aambiwe kuhusu sindano kabla hajatoa kotrimoksazoli, dawa ya kawaida sana kwetu ambayo pamoja na methotreksati inaweza kuudhuru uboho. Tendo la ndoa na kazi nzito husimama mpaka daktari aruhusu, na jua kali linaepukwa kwa kuwa ngozi huungua upesi. Mkulima wa mwani wa Paje au Tumbe, anayeinama majini saa nzima za maji kupwa, amwachie mwenzake kamba zake kwa wiki hizo. Kuhusu kubeba mimba nyingine, madaktari wengi hushauri kungoja miezi mitatu.

Utafiti unasema nini

Zipo takwimu chache zilizozilinganisha njia tatu ana kwa ana. Utafiti mmoja mkubwa ni wa Kurt Barnhart na wenzake, uliofanywa katika vituo 12 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA, ukiwa na wanawake 255 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Waliopata tiba, ama ya kusafishwa ama ya sindano, walimaliza bila kubadilishiwa mpango kwa asilimia 51.5, dhidi ya asilimia 36.0 ya waliosubiri. Sindano peke yake ilifikia asilimia 54.9 na kusafishwa asilimia 48.3, tofauti ambayo watafiti waliona haitoshi kusema sindano ni duni kuliko kusafishwa.

Namba hizo zisomwe kwa makini. Asilimia 36 haimaanishi kwamba waliobaki walidhurika. Maana yake ni kwamba mpango wao ulibadilishwa njiani, wakapewa dawa au upasuaji ambao haukuwa umepangwa. Na kilichonivutia mimi zaidi kimo pembeni ya matokeo hayo: wanawake hawa walikubali wenyewe kupangiwa kwa bahati nasibu, lakini asilimia 39 walikataa walichopangiwa wakataka kingine. Kusafishwa kulikataliwa na asilimia 48.3 ya waliopangiwa, sindano asilimia 41.2, na kusubiri asilimia 26.7. Basi mwanamke wa Wete au Makunduchi akisema hataki mojawapo, asionekane mkaidi.

Yaliyo sawa kwa njia zote

Kundi la damu lijulikane, kwa kuwa mwenye Rh hasi (ile alama ya kutoa baada ya herufi ya kundi la damu) huenda akahitaji sindano ya kinga kwa ajili ya mimba zijazo. Ufuatiliaji haukomi mpaka homoni iishe. Na dalili za kukimbilia hospitali ni zile zile: maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, kuhisi haja kubwa inayosukuma bila kutoka, damu inayoloa kitambaa baada ya kitambaa. Mwezi wa Ramadhani kizunguzungu husingiziwa saumu, basi mwenye hali hii asikisingizie.

Kwa hali yako

Ikiwa homoni yako ni ya chini na imeanza kushuka, huna maumivu, na unakaa mahali ambapo gari hukufikisha hospitali kwa muda mfupi hata usiku, una sababu nzuri ya kusubiri. Ikiwa homoni imekwama palepale au inapanda polepole, kusubiri kunakuwa na hoja dhaifu, na mazungumzo yahamie kwenye kusafishwa au sindano.

Ikiwa unanyonyesha, au ini, figo au mapafu yako yana tatizo, sindano inaondoka kwenye orodha. Vivyo hivyo ikiwa umri unakusukuma na hutaki kungoja miezi mitatu, au hutaki kabisa dawa ya mimba ya nje ilhali yako huenda ilikuwa ndani: kusafishwa kutakufaa zaidi, kwa sharti kwamba uchunguzi wa kilichotoka upo na kipimo cha kesho yake kimepangwa. Ikiwa unaogopa kuguswa kizazi, au uliwahi kusafishwa mara kadhaa na daktari ana wasiwasi wa makovu, sindano ina nafasi yake, mradi vipimo vya damu viwe safi na uweze kurudi siku ya nne na ya saba.

Ikiwa uliwahi kupata mimba ya nje, au uliwahi kufanyiwa upasuaji wa mirija, mwambie daktari kabla ya lolote, kwa sababu historia hiyo inaielekeza shaka kwenye mrija na kupunguza faida ya kusafishwa.

Na ikiwa unakaa kisiwa kidogo au mwisho wa barabara mbaya, usichague njia mpaka kwanza umechagua pa kukaa. Kwa mwanamke wa Pemba, kuhamia kwa wiki mbili tatu kwa dada au shangazi aliye karibu na hospitali ya Chake Chake au ya Abdalla Mzee, Mkoani, au kwa jamaa wa mjini Unguja ambaye Mnazi Mmoja iko karibu naye, kunaweza kuirudisha njia ambayo daktari alikuwa ameiondoa kwa sababu ya umbali tu. Muulize waziwazi: «Kama ningekaa karibu, ungenishauri tofauti?» Akijibu ndiyo, simu ya kwanza ipigwe kwa shangazi.